Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Siku hizi si jambo la ajabu kumwona karani kijana, au fundi wa kiwandani, au mwalimu wa shule ya msingi, akitoka kazini jioni na kuingia katika gari fupi lenye mlango mmoja mkubwa wa nyuma, unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Ukilitazama kwa nje utadhani ni gari la kubebea mboga sokoni. Likiwashwa tu, wapita njia hugeuza shingo. Gari hilo alilinunua likiwa limetumika, pengine kwa mkopo wa chama cha akiba, na tangu alinunue hana mazungumzo mengine ila hilo.

Wako wazee wanaotikisa kichwa na kusema kwamba kijana huyo amepotea, na kwamba fedha yake ingemfaa zaidi kiwanja, au mabati, au ada ya wadogo zake. Na wako vijana wanaowajibu wazee hao kwa kuongeza mlio wa bomba la moshi. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeikosa njia, na yafaa tueleze kwa nini.

Tuchukue mfano mmoja ili tusiseme hewani. Iko gari ya Volkswagen iitwayo Golf GTI, na hasa ile ya toleo la tano iliyoanza kuuzwa mwaka 2004. Asili ya gari hii si karamu za matajiri. Mwaka 1974 watu wachache wa kiwanda cha Wolfsburg huko Ujerumani, miongoni mwao mhandisi Alfons Löwenberg na msemaji wa kiwanda Anton Konrad, walilishughulikia wazo la Golf yenye mwendo bila ya amri ya wakubwa wao, nje ya kazi walizopangiwa. Wakubwa walipokubali, gari ilionyeshwa Frankfurt mwezi wa Septemba 1975, ikaanza kuuzwa mwaka 1976. Ilikuwa na injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 110, na uzito wa kilo 810 hivi. Walitarajia kuuza magari 5,000 tu. Toleo la kwanza peke yake lilipita 400,000. Maana yake ni kwamba walikuwako watu wengi wa mishahara ya kawaida waliotaka gari moja litakalobeba watoto na magunia siku za kazi, na kuwapa furaha siku ya mapumziko. Haja ya namna hiyo hatuwezi kuiita dhambi, na anayemcheka karani wetu kwa sababu hiyo anamwonea.

Kiwanda hichohicho kina habari nyingine ambayo wafanyakazi wafaa kuikumbuka. Kabla ya Vita Kuu ya Pili na katika miaka yake, Wajerumani wapatao 336,000 walishawishiwa na serikali ya Hitler kuweka akiba, kiasi cha marki 5 kila juma, wakibandika stempu katika kitabu ili siku moja wapewe gari. Vita ikaanza mwaka 1939, kiwanda kikageuzwa kuwa cha zana za jeshi, na katika wenye akiba hao hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari. Walilipia kitu wasichokiona. Basi anayenunua gari kuukuu anayo bahati moja ambayo watu wale hawakuwa nayo, kwamba gari liko mbele yake kabla hajatoa senti. Lakini bahati hiyo haimfai kitu ikiwa ataangalia rangi na rimu peke yake.

Magari haya hutufikia zaidi kutoka Japani na Uingereza, kwa kuwa nchi hizo zaendesha upande wa kushoto kama sisi. Ndugu zetu wa Kenya hawawezi tena kuagiza toleo la tano kutoka nje, maana sheria yao hairuhusu gari iliyopita miaka minane, hivyo wananunuliana wenyewe kwa wenyewe. Gari iliyopitia mnada wa Japani huwa na karatasi yake ya mnada, yenye alama ya hali ya gari na kilomita ilizokwenda. Alama ya 4 ni njema. Herufi R au RA hueleza kwamba gari ilipata ajali ikatengenezwa. Mwuzaji asemaye kuwa karatasi hiyo imepotea, na huku saa ya kilomita inaonyesha namba ndogo ya kupendeza, mwache aendelee kuitafuta, nawe ukatazame gari nyingine.

Sasa tuifungue boneti. Injini ya toleo la tano ni ya lita 2, nguvu za farasi 200, yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kushindilia hewa ndani ya silinda. Petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa. Pampu ya msukumo huo huendeshwa na mhimili wa vali, na katikati ya pampu na mhimili kimewekwa kikombe kidogo cha chuma, kipana kama sarafu. Kikombe hicho hulika. Kikitoboka, pampu huharibika na mhimili wa vali nao huchimbika, na hapo kijana atatafuta mkopo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza. Bei ya kikombe chenyewe ni ndogo, na kukifungua ni kazi ya chini ya saa mbili kwa fundi anayeijua injini hii. Wenye busara hukitazama kila baada ya kilomita 15,000 hadi 20,000. Tumekutana na wenye magari haya wanaotaja kwa kichwa jina la kiwanda kilichotengeneza taa zao za mbele, lakini hawajapata kusikia habari za kikombe hicho.

Uko tena mkanda unaoendesha vali. Ukikatika, pistoni hugonga vali na injini hufa palepale. Gari nyingi za toleo hili zimekwisha pita miaka kumi na mitano, na mpira huzeeka hata gari likilala chini ya mwembe; hivyo asiye na risiti ya mkanda ahesabu kwamba haujabadilishwa. Tena, kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, vali hizo hazioshwi kamwe, nazo hushika masizi meusi mpaka injini ikapoteza pumzi na kutetemeka asubuhi. Dawa yake ni kufungua njia ya hewa na kuzisafisha kwa mkono, au kwa mashine ipulizayo maganda ya jozi yaliyosagwa, ambayo hung'oa masizi bila ya kukwaruza chuma. Kijana mmoja akiona gari lake limelegea hukimbilia kununua turbo kubwa. Mwenzake husafisha vali na kurudishiwa zile nguvu alizokwisha zilipia, na wala hahitaji kumshukuru mtu.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo linalotukera. Siku hizi hodi ya kwanza ya mwenye gari hili si kwa fundi wa breki, bali kwa kijana mwenye kompyuta ya mapajani, ambaye kwa muda wa saa moja huandika upya maagizo katika kompyuta ya injini. Hatusemi kwamba kazi hiyo ni uongo. Ikifanywa na mjuzi, injini hii yaweza kutoka farasi 200 hadi 240 au 250, na msokoto wake ukapanda kutoka nyutonimita 280 kufika kama 350. Lakini giaboksi ya gia sita yenye klachi mbili, ambayo magari mengi ya namna hii huja nayo, iliundwa kustahimili nyutonimita 350. Kwa hiyo kwa saa moja mwenye gari amekwisha kufika ukingoni mwa uwezo wa giaboksi yake. Oili ya giaboksi hiyo pamoja na chujio lake hupaswa kubadilishwa kila kilomita 60,000, na wengi hawajui hata kama hubadilishwa. Wanaongeza mzigo juu ya punda ambaye hawakumpa maji.

Kadhalika petroli. Mtengenezaji alikusudia petroli ya okteni 98, na kuruhusu 95 kwa kupunguza nguvu kidogo. Maagizo mapya yaliyoandikwa kwa ajili ya petroli bora ya Ulaya, yakitiwa katika gari inayojazwa petroli yoyote inayopatikana njiani, hufanya injini igonge kwa ndani. Kompyuta itajaribu kuiokoa kwa kuzipunguza nguvu zilezile alizozinunua. Ikishindwa, pistoni ndizo zitakazolipa.

Na breki je? Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa, yenye tairi nzuri katika lami kavu, huhitaji kama mita 12 ili isimame tangu breki ziposhika. Ikienda kilomita 100 huhitaji kama mita 48, maana mwendo ukiwa maradufu umbali wa kusimama huwa mara nne. Ongeza mita 28 zinazopita katika ile sekunde moja ambayo dereva bado anatambua kilichotokea. Hizo ni mita 76, na katika mita hizo yuko mama anayevuka na ndoo, yuko mtoto aliyetumwa dukani, yuko mfanyakazi wa zamu ya usiku juu ya baiskeli isiyo na taa. Hao hawakutia saini mkopo wa gari, wala hawakuulizwa kama wanataka farasi 250. Sheria yetu yasema kilomita 50 mahali penye makazi, na mita tulizozihesabu ndizo sababu yake.

Kwa ajili ya watu hao twasema kwamba fedha ya kwanza ya kuboresha gari iende kwenye tairi, na ya pili kwenye breki. Ubavuni mwa kila tairi ziko tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi za mitumba zinazouzwa kandokando ya barabara mara nyingi zina kashata nzuri na umri wa aibu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na yakipata moto katika mteremko mrefu maji hayo huwa mvuke, kanyagio ikashuka mpaka sakafuni bila ya kitu kushika. Ni kazi ya nusu saa kuyabadilisha, kila miaka miwili. Kisha bushi za mikono ya magurudumu na shokapu. Mwenye kufanya hayo ataona kwamba gari lake la farasi 200 limekuwa kama jipya katika kona, na huenda hamu ya kompyuta ikampungua. Isipompungua, basi sasa anayo haki ya kuifikiria.

Kuhusu mlio hatutasema mengi. Wako wanaokata kichujio cha moshi kilichomo katika bomba, ambacho ndani yake mna madini ya platini na paladi, wakakiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha wakapita nao uvundo na kelele saa saba za usiku katika mitaa ya watu wanaoamka saa kumi kuwahi zamu. Afanyaye hivyo naye ni mfanyakazi. Twamwuliza ni nani anayemfurahisha.

Bima nayo ina neno. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwenye gari; aliyeongeza nguvu bila ya kuwaarifu aweza kukuta siku ya msiba kwamba madai yake yanakataliwa, ingawa alilipa kila mwaka. Barua ya kuwaarifu yaandikwa kwa dakika kumi.

Tuwarudie wazee. Kijana anayejifunza kukifungua kile kikombe, kupima unene wa diski ya breki, na kusoma makosa yaliyoandikwa katika kompyuta ya injini, amejipatia ujuzi ambao chuo kingemtoza ada. Tunawajua vijana walioanza na gari lao wenyewe na leo majirani wanawaletea magari yao. Kwa hiyo mzee asiulize tu gari limekula shilingi ngapi. Aulize pia mikono ya kijana imejifunza nini. Ikiwa haikujifunza lolote zaidi ya kubonyeza kitasa cha redio, basi hapo twaungana na mzee.

Na siku ya kuliuza, maana magari haya huhama mikono upesi, muuzaji amwambie mwenzake waziwazi kama kompyuta iliandikwa upya na nani aliyeiandika, ampe na bahasha ya risiti zote. Mnunuzi akiikuta bahasha hiyo aongeze bei bila ya kunung'unika. Asipoikuta, na atoe katika bei gharama ya mkanda, ya oili ya giaboksi, ya tairi nne na ya kikombe, kwa sababu yeye ndiye atakayezilipa kabla ya mwezi kwisha.