Tandika ipi? Mfundishe mwanao kwao kabla hajasafiri

Shule zinapofungwa, watoto wengi wa Mtwara hupandishwa basi kwenda Dar es Salaam kwa shangazi au mjomba. Begi limefungwa, korosho za zawadi zimewekwa, nauli imelipwa. Jambo moja husahaulika: mtoto anajua kutaja kwao, lakini hajui kwamba jina hilo lina pacha huko aendako.

Chukulia mtoto wa miaka sita anayetoka kata ya Tandika, Manispaa ya Mtwara Mikindani. Shangazi yake anakaa Mbagala. Wamekwenda sokoni, mkono umeponyoka, mtoto amepotelea kwenye watu. Msamaria mwema anainama na kumuuliza: "Unakaa wapi, mwanangu?" Anajibu bila kusita: "Tandika."

Hajadanganya. Lakini Dar es Salaam nako kuna Tandika, wilayani Temeke. Mtu mwenye nia njema kabisa anaweza kumpandisha daladala na kumpeleka mbali na soko ambalo shangazi yake analizunguka akilia.

Tandika haiko peke yake. Magomeni iko Mtwara, iko Dar es Salaam, iko Bagamoyo na iko Zanzibar. Jangwani iko Mtwara na Dar es Salaam. Shangani na Rahaleo ziko Mtwara na ziko Unguja pia. Majengo ndiyo usiseme: Mtwara, Songea, Dodoma, Moshi, Mombasa hadi Nairobi. Si ajabu, kwani majina mengine yanaeleza tu kinachoonekana. Penye nyumba zilizojengwa pakaitwa Majengo, kando ya bahari pakaitwa Ufukoni.

Marekani wana shida hiyohiyo. Springfield iko Illinois, iko Massachusetts na iko Missouri. Kwa hiyo wenyeji wamezoea kutaja mji pamoja na jimbo lake. Nasi tunaweza kuwazoesha watoto kutaja mtaa pamoja na mkoa.

Watu wazima nao huchanganya. Anayesikia "Ruvuma" hufikiria mkoa ambao makao yake makuu ni Songea, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Mtwara mjini. Lakini Mto Ruvuma wenyewe unaingia baharini mkoani Mtwara, kwenye mpaka na Msumbiji. Ukisema "Mtwara", unaweza kumaanisha mkoa, wilaya au mji.

Kwenye ugonjwa, mkanganyiko huo hula muda. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko Dar es Salaam, na nyingine yenye jina hilohilo iko Zanzibar. Lindi nako kuna Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapochepuka. Ndugu akipigiwa simu usiku kwamba mgonjwa anapelekwa Mnazi Mmoja, aelezwe ni ipi kabla hajatoka nyumbani.

Mama aliyeshikwa na uchungu Msimbati naye asiishie kusema "niko Mtwara" anapopiga 115, namba ya bure ya M-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Ataje kijiji, kata, wilaya na kitu kinachojulikana na wengi karibu naye: zahanati, msikiti, shule au mti mkubwa.

Mzazi, kabla ya safari ijayo fanya haya:

1. Mfundishe mtoto majina yake yote matatu na jina halisi la mzazi. "Mama" au "Baba Juma" havitoshi.

2. Mzoeshe kutaja kwao na mkoa: "Kwetu ni Tandika ya Mtwara." Kisha aongeze alikofikia: "Hapa nimekuja kwa shangazi, Mbagala."

3. Akariri namba moja ya simu. Watoto hushika haraka kinachoimbwa, basi iimbeni pamoja wakati wa kuoga. Kwa aliye mdogo zaidi, iandike kwenye karatasi na uishone ndani ya mfuko wa nguo.

4. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina. Soma kibao cha nyumba pamoja naye, hapo kwenu na kwa mwenyeji wake.

5. Mwambie akipotea asimame palepale, asikubali kupelekwa mbali, na aombe msaada kwa polisi au kwa mama mwenye watoto. Namba 116 ya Simu kwa Mtoto na 112 ya polisi ni za bure.

Jioni ya leo mjaribu. Muulize anakaa wapi. Akijibu jina moja tu, muulize tena kwa upole, kama atakavyoulizwa na mgeni siku hiyo: "Ya wapi, mwanangu?"