Usimpunguzie Ndama Maziwa Wakati wa Baridi

Kila mwenye ng'ombe wa gredi hupenda kuuza maziwa mengi, na hilo si kosa. Karo ya shule hutoka humo. Lakini kuna desturi moja ya hasara: kumpunguzia ndama maziwa, au kuyatia maji, ili lita zaidi ziende sokoni. Mimi nasema kwamba afanyaye hivyo katika vilima vya Marani anauza mtamba wake kwa vikombe. Nawe uliye juu zaidi, katika maskimu ya Borabu yaliyogawanywa miaka ya 1960, neno hili ni lako zaidi, kwa kuwa usiku wa huko ni baridi kuliko wetu.

Ng'ombe mzima ana moto tumboni. Majani anayokula huchachuka katika tumbo kubwa na kuleta joto. Kwa hiyo baridi yetu haimsumbui sana. Ndama wa wiki mbili hana moto huo, maana tumbo lake la kucheulia halijaanza kazi. Joto lake hutoka katika maziwa. Tena huzaliwa na mafuta machache mno, kama sehemu 3 katika 100 za uzito wake. Joto likishuka chini ya digrii 15 hivi za sentigredi, naye amelowa na upepo unampiga, huyachoma mafuta hayo. Yakiisha, huila nyama yake mwenyewe. Ndama aliyedhoofika hivyo hushikwa upesi na kuhara na homa ya mapafu.

Wengine husema, "Ng'ombe wa wazee hawakupimiwa maziwa, na walikua." Ni kweli, lakini ndama wa siku zile alinyonya mama yake, tena alikuwa wa mbegu ndogo iliyozoea shida. Ndama wa gredi hunywa kile ulichomtilia ndooni, basi.

Kwa hiyo, apewe dang'a ya kutosha katika saa 6 za kwanza. Baadaye apate lita 4 au 5 kwa siku za maziwa yasiyotiwa maji, yenye joto. Katika mvua nyingi, na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, mwongezee. Kibanda chake kisivuje. Kiwe na nyasi kavu za kulalia, na ukuta upande wa upepo.

Akianza kula majani, usimshindilie pumba za mahindi peke yake. Pumba humpa mafuta, lakini mifupa na nyama hutaka chakula cha kujenga mwili, kama desmodiamu, lusani na majani ya viazi vitamu. Tumbo kubwa na mgongo mwembamba si unene.

Mtamba aliyelishwa vema aweza kuzaa akiwa na miaka 2 na nusu hivi. Aliyedumaa hupita miaka 3 akila nepia yako bila kukupa hata kikombe kimoja. Hesabu mwenyewe, kisha uamue ni lita zipi zina faida: zile za sokoni, au zile za ndooni mwa ndama.