Mnakili, hadithi na pambizo



Muhula uliopita, katika somo la falsafa ya Kiafrika, tulipewa kazi ya kuandika simulizi moja ya wazee wetu na kueleza fikra iliyomo ndani yake. Nilichagua simulizi ya bibi mzaa mama kuhusu chemchemi iliyo chini ya kijiji chao. Bibi anaposimulia, kuna mzimu mwenye njaa, kuna mbuzi mweusi, na kuna binti anayeachwa pale usiku. Katika kazi yangu mzimu akawa Mungu, mbuzi akawa ishara ya shukrani, na binti hakuonekana kabisa. Nilipata alama nzuri. Nilipokwenda likizo nikamsomea bibi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii umeitoa wapi?"

Swali hilo lilikuwa bado linanikaa kooni nilipoanza kusoma habari za Kanisa la Ireland katika karne za kati. Nilitegemea kukutana na watakatifu na safari zao za kimisionari, na kweli nilikutana nao. Sikutegemea kukutana na wamonaki walioandika hadithi za kipagani za mababu zao, ukurasa baada ya ukurasa, tena bila kuzifanyia usafi kama nilioufanya mimi.

Ukristo ulipoenea Ireland katika karne ya 5, ulikuta watu wenye washairi waliofunzwa kwa miaka mingi kushika simulizi, nasaba na sheria kichwani. Maandishi yao wenyewe yalikuwa alama za ogham, mistari iliyochongwa kwenye kingo za mawe, mara nyingi jina la mtu na la baba yake tu. Herufi za Kilatini zilikuja pamoja na Zaburi na Injili. Kwa hiyo kwa muda mrefu kalamu, wino na ngozi ya ndama vilikuwa mikononi mwa Kanisa. Kama monasteri zingeamua kwamba hadithi za kale zife, zingekufa, na leo hakuna ambaye angejua kwamba ziliwahi kuwapo.

Hazikuamua hivyo. Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyobaki ambacho kimeandikwa chote kwa Kiairishi kinaitwa Lebor na hUidre, kwa jina la ng'ombe wa Mt. Ciarán, ambaye mapokeo yanasema ngozi yake ndiyo iliyotumika. Kinahusishwa na monasteri ya Clonmacnoise, na kiliandikwa takribani mwaka 1100. Mmoja wa wanakili wake, Máel Muire, aliuawa na wavamizi ndani ya kanisa la mawe la hapohapo Clonmacnoise mwaka 1106. Mtu huyo alifia kanisani, na miongoni mwa kazi za mkono wake ni vita vya kugombea fahali.

Hadithi hiyo ya fahali, Táin Bó Cúailnge, inastahili kusimuliwa kidogo, hasa kwa wasomaji wanaotoka katika jamii za wafugaji, ambao hawatahitaji maelezo mengi. Malkia Medb wa Connacht na mumewe Ailill wanalinganisha mali zao. Wako sawa kwa kila kitu isipokuwa fahali mmoja mweupe wa mume. Medb anatafuta wa kumlingana, anasikia yuko Ulster, na anaponyimwa anakusanya jeshi. Wanaume wa Ulster hawawezi kupigana kwa sababu ya laana. Zamani walimlazimisha mwanamke mjamzito, Macha, ashindane mbio na farasi wa mfalme. Aliwasihi wamsubiri ajifungue, wakakataa. Alishinda mbio, akajifungua mapacha palepale mwishoni mwa njia, akawalaani kwamba kila watakapokuwa katika hatari kubwa watapatwa na uchungu wa kuzaa. Anabaki kijana wa miaka 17, Cú Chulainn, anayelinda mpaka peke yake na kulazimika kumuua kivukoni Ferdiad, ndugu aliyelelewa naye. Mwishoni mafahali wawili wanapigana, na wote wawili wanakufa. Watu wote wale wamekufa bure.

Mnakili angeweza kumfuta Macha, maana ana dalili zote za mungu wa kike wa kale, na laana yake si jambo la katekesi. Lakini yumo. Wamo pia wachawi, mungu wa kike wa vita anayejigeuza, na mambo ya kitandani ambayo sitayataja katika gazeti letu.

Toleo jingine la Táin liko katika Kitabu cha Leinster, cha karne ya 12, ambacho mkusanyaji wake mkuu alikuwa Áed Ua Crimthainn, mkuu wa monasteri ya Terryglass. Hadithi inapoisha, kuna maneno mawili ya mwandishi. La kwanza ni la Kiairishi, baraka kwa yeyote atakayeishika hadithi hii kwa uaminifu kama ilivyo bila kuipa sura nyingine. La pili ni la Kilatini, lugha ya shule na ya altare. Hapo anasema wazi kwamba yeye hasadiki mengi ya haya: mengine anayaona ni ulaghai wa mashetani, mengine ubunifu wa washairi, na mengine burudani ya wapumbavu.

Nilisoma maelezo hayo nikaona haya. Mtu huyo alikuwa na imani kali kuliko yangu, au angalau hakuogopa kuitamka. Hata hivyo aliiacha hadithi kamili katika ukurasa, na pingamizi lake akaliweka mahali pake, likiwa na sauti yake mwenyewe. Mimi nilichukua pingamizi langu nikalitia kinywani mwa bibi.

Sisemi wote walikuwa hivyo. Kuna Lebor Gabála Érenn, kitabu cha historia ya waliohamia Ireland, kilichokusanywa katika karne ya 11. Humo mtu wa kwanza kuongoza watu kufika kisiwani ni Cessair, mjukuu wa Nuhu, aliyekuja siku 40 kabla ya gharika. Miungu ya kale wanakuwa kabila tu la watu stadi wa uchawi, wanaofika kwa zamu yao na kushindwa kwa zamu yao. Naelewa nia ya waandishi. Walitaka taifa lao, ambalo Biblia haikulitaja, lipate nafasi katika historia ya wokovu. Ni njaa ninayoijua. Ila gharama yake ni kwamba hadi leo wataalamu wanahangaika kutenganisha mapokeo ya kale na yaliyoshonewa juu yake.

Na kuna kisa cha kifo cha mfalme Conchobar, ambacho sijui nikiweke upande gani. Conchobar ana kichwani mpira uliotengenezwa kwa ubongo wa adui na chokaa. Ulirushwa ukanasa, na waganga wakaona wakiutoa atakufa. Anaambiwa asikasirike, asipande farasi. Anakaa hivyo miaka 7, hadi siku viumbe vinapotikisika na anaelezwa kwamba mtu asiye na hatia, Kristo, anasulubiwa. Anainuka kwa hasira kutaka kumpigania, mpira unatoka, anakufa. Waandishi wakasema alihesabiwa miongoni mwa walioamini kabla imani haijafika Ireland.

Kihistoria jambo hili haliwezekani, na walioliandika huenda walijua. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajaulizwa na mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo kuhusu babu yake aliyekufa bila ubatizo? Teolojia ina majibu, nami nitayasoma nikifika huko, Mungu akipenda. Wale wamonaki walijibu kwa kumpa mfalme wao hasira takatifu. Tena hawakumwondolea ule mpira wa ubongo ili afanane na mtakatifu. Alikufa akiwa yeye yule, na unyama wa zama zake kichwani.

Frateri mwenzangu aliposikia haya aliniambia kwamba Ireland si kwetu. Mungu wa vita wa Ulster, alisema, hana waganga wanaomlia fedha leo, lakini mzimu wa chemchemi unao. Ukiandika simulizi ile kama ilivyo, muumini ataisoma kama ruhusa. Hoja hii ina uzito, na siwezi kuifukuza kwa mfano wa karne ya 12. Najibu hivi tu: muumini anaijua tayari hadithi ya mzimu, ameisikia kabla hajasikia ya Abrahamu. Nikimwandikia nyingine iliyosafishwa, haachi ile ya kwanza. Anaacha kunisimulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, unatutaka tuzigundue mbegu za Neno zilizofichika katika mapokeo ya watu. Mbegu iliyofichika lazima nipewe udongo wote niutafute, na mawe yake na mizizi yake.

Katika simulizi ya bibi, sasa nadhani mbegu iko kwa yule binti niliyemfuta. Kijiji kilipata maji, na bibi kila akifika hapo hushusha sauti, na anamtaja kwa jina. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu shukrani ya Mwafrika kwa Mungu Muumba, na sikuwa nimetaja kwamba kuna mtu aliyelipia.

Bibi anakaribia miaka 80 na macho yamefifia, ila sauti bado iko imara. Nimenunua daftari la kurasa pana. Kila ukurasa nimepiga mstari wima, pande la kulia kubwa kwa ajili ya maneno yake, la kushoto jembamba kwa ajili ya yangu. Nikirudi kijijini nitamwomba aanze upya, na nitakapomsomea tena, nitaanza na jina la binti.