Neno la Bwana Shamba: Mnunuzi wa Vitu vya Zamani



Watu wengi wameniuliza juu ya yule dada wa Kibaha anayepita vijijini kununua vitu vya zamani. Wengine wanasema ni tapeli. Wengine wanasema ana soko la siri Ulaya. Wengine walikwisha kumwuzia vitu, na sasa wanajuta.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni mihogo na mikorosho. Lakini biashara hii imeingia katika nyumba za wakulima, na inaingia hasa miezi ya njaa. Kwa hiyo nimeona inanihusu. Nimekwenda nyumbani kwake Maili Moja mara mbili. Mara moja nimefuatana naye mpaka vijiji vya Kisarawe, kwa barabara ya Mlandizi kwenda Maneromango. Amekubali niandike niliyoyaona, ila nisitaje jina lake.

Dada huyu alianza na mitumba. Alikuwa akiamka saa kumi usiku, anapanda gari kwenda soko la Karume, Ilala, kuchagua nguo belo linapofunguliwa. Mnajua kwamba nguo za mitumba hazikuwa huru kuingia nchini miaka ya mwanzo ya Uhuru. Ziliruhusiwa katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa. Soko la Karume liliungua moto Januari 2022, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali. Yeye hakuwa na kibanda pale. Lakini aliowazoea kununua kwao walikuwa nacho, na kwa muda akakosa mahali pa kuchagua nguo.

Ndipo akatazama vizuri zile nguo chache alizokuwa nazo. Akagundua jambo. Magauni ya mtindo wa zamani, ambayo wanawake wa Kibaha hawakuyataka, yalitakwa sana na vijana wa Dar es Salaam. Hata suruali za bugaluu! Wazee mtakumbuka kwamba mwaka 1969 vijana wa TANU walifanya Operesheni Vijana, wakawafuata watu barabarani kwa ajili ya sketi fupi na suruali za kubana. Leo wajukuu wanalipa fedha nzuri kupata nguo walizovaa babu zao.

Kutoka nguo akaingia katika vitu vingine.

Sasa nieleze anavyouza, maana hapa ndipo watu wanapoona uchawi. Hana duka. Anayo simu ya kupangusa. Anapiga picha ya kitu mlangoni, asubuhi, jua likiwa halijawa kali. Anaiweka picha hiyo kwenye intaneti, katika Instagram na WhatsApp. Watu walioko Dar es Salaam, Arusha, hata Nairobi, wanaiona siku ile ile. Anayekitaka anaandika. Wakipatana, mnunuzi anatuma fedha kwa simu. Fedha ikiingia, kitu kinafungwa katika boksi na kupelekwa stendi, kinasafiri na basi.

Nilimwuliza kama haibiwi. Alicheka. Alinionyesha ujumbe tano za uongo alizopelekewa mwezi ule, kila moja ikisema fedha imeingia. Yeye haamini ujumbe. Anatazama salio lake kwanza. Na wale wanaoandika "ile hela tuma kwenye namba hii" amewazoea kama mbu.

Chumba chake kimoja kimejaa. Kuna pasi za mkaa, taa za chemli, vikombe vya bati, redio za National, mikeka ya ukindu, santuri za Morogoro Jazz na NUTA Jazz. Kuna doti ya khanga ya kiwanda cha Urafiki, haijakatwa wala kupindwa. Kiwanda hicho kilijengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kuna kijitabu cha Mtu ni Afya, cha ile kampeni ya redio ya mwaka 1973, wakati watu walipokaa katika vikundi kusikiliza na kusoma, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kijitabu kile alikipata Mlandizi, kimefungiwa sukari. Alikinunua pamoja na sukari yake. Hakiuzi. Alisema bibi yake alijifunza kusoma miaka ile.

Kitu kinachotoka haraka ni mbuzi ya kukunia nazi, ile ya zamani ya kukunja, yenye kibao kilichochongwa kwa mkono. Watu wa mjini hawakunii nazi. Wanaiweka sebuleni kama pambo! Mke wangu aliposikia alisema hao wana nafasi ya kupoteza.

Tuzungumze bei, kwa sababu hapo ndipo kuna manung'uniko.

Mzee mmoja wa Kisarawe alimwuzia mbuzi kwa shilingi 6,000. Baadaye mjukuu wake akaiona kwenye simu, inauzwa shilingi 30,000. Mzee alikuja kwangu amekasirika. Nilimwendea dada, nikamwomba daftari lake. Analo, na ameandika vizuri. Siku ile bodaboda ilimgharimu shilingi 18,000, akanunua vitu vitatu. Kwa hiyo kila kitu kilibeba shilingi 6,000 za usafiri. Fundi alitengeneza bawaba ya ile mbuzi kwa shilingi 4,000. Msasa na mafuta shilingi 1,500. Bando shilingi 1,000. Ukitoa hizo zote na zile 6,000 za mzee, anabaki na shilingi 11,500. Na kitu kimoja katika vile vitatu kilikuwa na ufa hakuuona. Kipo chumbani mpaka leo.

Kwa hesabu hiyo sikumwona mwizi. Lakini nilimwambia jambo moja, nanyi nawaambia. Mzee yule aliuza mwezi wa Aprili. Masika, njia matope, mahindi ya mwaka jana yamekwisha, korosho bado miezi mingi. Alitaka unga siku ile. Mtu wa namna hiyo hapangi bei, anapangiwa. Wakulima wa korosho mnaijua habari hii kwa jina lake: kangomba. Anakuja mtu na kipimo chake wakati huna kitu, anachukua korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa. Mbuzi ya nazi inaweza kwenda kwa kangomba vilevile.

Dada hakukasirika. Alisema ipo njia nyingine, nayo hutumia kwa anayeiomba. Mwenye kitu anakiacha kwake bila kuuza. Wanaandika katika daftari: kitu gani, cha nani, tarehe gani, bei ya chini ni ngapi. Kikiuzwa, gharama zinatolewa, na kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu. Kisipouzwa baada ya miezi mitatu, mwenyewe anakichukua. Wanaoomba njia hiyo ni wachache, maana wengi wanataka fedha mkononi. Lakini mwenye nafasi ya kungoja, angoje. Na wewe uliyejifunza kusoma, usibonyeze dole gumba katika daftari la mtu. Soma kilichoandikwa, kisha andika jina lako mwenyewe.

Jambo lingine nililoliona njiani: dada huyu anauliza sana. Akiingia nyumba anaamkia, "Shikamoo bibi," anakaa chini kwenye mkeka, anangoja. Hasemi bei kwanza. Anauliza nani alitengeneza, nani alinunua, mwaka gani, ilitumika arusi ya nani. Anaandika yote. Kitu chenye habari yake kinapata bei kuliko kitu bubu. Khanga iliyovaliwa siku fulani, na mwenyewe yu hai kusimulia, si sawa na khanga iliyookotwa. Basi kabla hujauza, iandike habari hiyo wewe mwenyewe, na nakala moja ibaki nyumbani. Hiyo haigharimu kitu.

Sarafu nazo zinaulizwa sana. Zile shilingi za mwaka 1966 zenye picha ya Mwalimu upande mmoja na mkono wenye mwenge upande wa pili zilitengenezwa nyingi mno. Hazina bei kubwa. Senti zenye tundu za wakati wa Mwingereza ni nyingi pia. Heller za Mjerumani zinatakwa zaidi, na zile zilizogongwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, zinatakwa zaidi ya hizo. Lakini sikilizeni: usiisugue sarafu kwa mchanga wala majivu ili ing'ae. Wakusanyaji wanaitaka na kutu yake. Ukiisugua umeiharibu.

Na wale wanaonunua cherehani za Singer na redio za zamani kwa mamilioni, wakisema ndani yake mna zebaki nyekundu? Uongo mtupu. Uvumi huo ulienea Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakagombania cherehani kuukuu kwa bei za kutisha. Ndani ya cherehani mna chuma na mafuta. Anayekuambia utoe kwanza fedha kidogo "za kupimia" ndiye mwizi mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Tulipokuwa katika kijiji kimoja cha Kisarawe, kijana alitufuata nyuma ya nyumba. Alikuwa na kitu katika gunia la salfa. Akakitoa. Kilikuwa mwana hiti.

Wazaramo mnamjua. Kwa wasomaji wengine nitaeleza. Ni kimti kilichochongwa, chenye kichwa na kifua, kidogo kiasi cha kushika mkononi. Hakina mikono wala miguu. Msichana akiwekwa ndani, yaani akiwa mwali, alipewa huyo akae naye na kumtunza kama mtoto wake, amwoshe, ampake mafuta. Si mwanasesere. Ni mambo ya uzazi na ya ukoo, na alipita kutoka kwa mwali mmoja kwenda kwa mwingine. Wazungu walianza kuwachukua tangu wakati wa Mjerumani. Leo wako katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na matajiri wanawanunua kwa mnada.

Huyu wa kijana alikuwa mweusi kwa mafuta ya mikono ya miaka mingi. Shingo imelika. Kijana alitaka shilingi 20,000.

Nilimtazama dada. Nilijua, naye alijua, kwamba angeweza kupata mara nyingi kuliko hizo. Hakukipokea. Alimwuliza kijana, "Mdogo wangu, nyumbani nani anajua umekileta?"

Kijana akanyamaza.

"Basi twende kwa bibi."

Hakutaka, lakini tulikwenda. Bibi alikuwa akipepeta mchele. Alipoona gunia hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akanyoosha mikono miwili, akakipokea kama anayepokea mtoto. Akamwambia mjukuu, "Mama yako alikaa na huyu. Na mimi. Wewe umemtia kwenye gunia la dawa ya mikorosho." Hakusema zaidi. Kijana alitoka nje.

Baadaye bibi alitueleza kwamba si wake peke yake. Ni wa ukoo, na hata yeye hawezi kumwuza bila wanawake wenzake kukaa na kukubaliana. Dada aliomba tu ruhusa ya kuandika habari zake. Bibi alikubali aandike, akakataa picha. Hakupigwa picha.

Njiani nilimwuliza dada kama hakuona uchungu kuacha fedha ile. Alisema aliona, tena sana, maana kodi ya chumba ilikuwa inakaribia.

Nimeuliza habari za sheria. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu nchini kabla ya mwaka 1863. Inalinda pia vitu vya mila, na milango ya kuchongwa iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940, kama ile inayoonekana Bagamoyo. Vitu hivyo havitolewi nje ya nchi bila kibali. Ukilima ukakuta vigae, shanga au mifupa iliyogeuka jiwe, usiuze. Acha palepale, kamwambie mwenyekiti wa kijiji, naye atapeleka habari wilayani kwa afisa utamaduni. Pembe za ndovu hata usiulize, hata kama ni bangili ya bibi. Kuuza bila kibali ni kosa la jinai.

Kama kuna mtu nyumbani amekwisha kuuza kitu cha ukoo na mnataka kujua kilikokwenda, tafuteni daftari la mnunuzi. Dada huyu ameniambia lake liko wazi kwa aliyemwuzia kitu. Wanunuzi wengine wawili wanaopita Maneromango na Mzenga sijapata kuwaona, na nimesikia hawaandiki chochote.

Kijana yule nilimkuta tena wiki mbili baadaye katika zamu ya kupalilia mikorosho ya bibi yake. Alikuwa ameshika jembe, hakunitazama usoni. Nilimsaidia kupima nafasi ya miche.

Mwezi ujao nitaandika juu ya kupulizia salfa, kwa sababu nimeona wengi wanapulizia jua likiwa kali na upepo umekwisha kuanza.

Ndugu yenu,
Bwana Shamba