Je, Mfumo Mmoja wa Kompyuta Watutosha?

Liko swali ambalo siku hizi halikosi kuzuka kwenye mabaraza ya Mji wa Kale, hasa baada ya sala ya alasiri, wanapokaa pamoja vijana waliosomea mambo ya kompyuta na wazee wasioyajua ila kwa kusikia. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye kompyuta, je, ana haja tena ya kujua mfumo endeshi zaidi ya mmoja? Vijana wengi husema hana. Mimi nasema haja iko, walakini si kwa sababu zile walizokuwa wakizitoa mafundi miaka ishirini iliyopita.

Kwa faida ya yule ambaye maneno haya ni mageni kwake, mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka mwanzo kompyuta inapowashwa, kisha ikaziamrisha programu nyingine zote. Ni kama nahodha katika jahazi: abiria na shehena hubadilika kila safari, lakini hapana kamba inayovutwa wala tanga linalotwekwa ila kwa amri yake. Windows ya kampuni ya Microsoft ndiyo nahodha wa kompyuta nyingi tulizo nazo hapa kisiwani. Mashine za kampuni ya Apple zina nahodha wao. Na uko wa tatu, Linux, ulioanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Huu hauna mwenyewe mmoja. Kila mtu ana ruhusa ya kuuchukua, kuunakili, kuufungua aone kilichomo ndani, na kuubadilisha.

Sasa tuwape vijana haki yao. "Ami," mmoja wao aliniambia, "wewe wazitakiani mbili, na kila kitu ki kwenye simu?" Amesema kweli. Mwenye duka la vitambaa katika Biashara Street hulipwa kwa M-Pesa, na M-Pesa tangu ilipoanza mwaka 2007 haijamwuliza mtu simu yake ni ya aina gani. Mwenye kutaka pasipoti huingia eCitizen, mwenye kupeleka hesabu za kodi huingia iTax, na mwenye bidhaa Dubai huandikiana na watu wake, na mengi ya hayo hupita kwenye kivinjari, ambacho sura yake ni ile ile uwe kwenye mashine yoyote. Zamani kubadilisha mfumo kulikuwa kama kuhama nchi: barua zako hazisomeki, vyombo vyako havifanyi kazi. Leo aliye wengi hahisi hata kama amevuka mtaa.

Tena yako ya kuchekesha. Hao hao wasemao kwamba Linux hawaijui wala hawaitaki, wanayo mfukoni. Simu za Android, tangu ya kwanza ilipouzwa mwaka 2008, kiini chake ni Linux. Basi mtu wa Kibokoni mwenye simu ya Android na kompyuta ya Windows yuwatumia mifumo miwili kila siku, na hana habari.

Lau jambo lenyewe lingekuwa ni raha ya mtu mmoja na shughuli zake, ningeliishia hapa. Lakini mji si mtu mmoja.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza matunzo ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Ukiacha nyongeza ya muda iliyowekwa kwa wenye kujiandikisha, mashine iliyo na mfumo huo haipati tena marekebisho ya usalama, na mashine isiyopata marekebisho ni kama nyumba yenye kitasa ambacho ufunguo wake umekwisha kuchongwa na kila mwizi. Watuambia tuhamie Windows 11. Walakini Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti: yataka kompyuta iwe na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambazo kwa jumla ni za mwaka 2018 kuja huku. Sasa zitazameni kompyuta za vyuo vyetu na za ofisi zetu ndogo ndogo. Nyingi ni za mtumba, zimekwisha kutumika maofisini Ulaya au Ghuba kabla ya kushuka Kilindini. Kioo chafanya kazi, kibodi yafanya kazi, lakini mwenye mfumo amesema zimezeeka. Mashine kama hizo hupokea Linux bila tatizo. Ubuntu, aliyoianzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kuitoa mara ya kwanza Oktoba 2004, ni moja katika aina zake, na ziko nyingine nyepesi kuliko hiyo, na malipo hapana.

Na hapa pana jambo ambalo barazani halizungumzwi ila kwa kunong'onezana, nalo ni la nakala. Fundi hukutilia Windows, na Office juu yake, kwa pesa kidogo, na leseni haiko. Jambo hili limezoeleka hata hapana anayeliona kuwa ni jambo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, lilikaa kikao chake cha tano Kuwait mwezi Desemba 1988 na likaamua kwamba haki ya mtunzi na ya mvumbuzi ni mali inayohifadhiwa na sheria, haifai kuvamiwa. Sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001 nayo yaitia programu ya kompyuta katika ulinzi huo huo. Wako wanaojitetea kwamba Microsoft ni tajiri, haitahisi. Hiyo si hoja. Mali ya tajiri nayo ina mwenyewe. Kinachonishangaza mimi ni kumwona mwalimu akiwasomesha watoto mlango wa amana huku mashine iliyo mbele yake haina leseni, ilhali upo mfumo ambao leseni yake yenyewe yamwambia: nakili, mpe jirani yako.

Walakini hayo yote, wasomaji wangu, hayangenifanya nishike kalamu. Lililonifanya ni herufi.

Sisi watu wa pwani tuliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati za Kirumi kuingia. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, yalikusanywa mwishoni mwa karne ile na Mwalimu Sikujua pamoja na mmisionari Mwingereza William Taylor, yakaandikwa kwa hati hizo, na makaratasi ya Taylor leo yamo London. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, aliitoa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Ndani ya masanduku ya nyumba za Ndia Kuu na Kuze bado mna tenzi, dua, barua na hesabu za mali zilizoandikwa vivyo hivyo, na kila mvua ya mwaka hula ukurasa.

Shida ya hati hizo yajulikana na kila aliyekaa chuoni na ubao wake. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Kwa hivyo kasra ilisomwa i na e, na dhuma ikasomwa u na o. "Chuma" na "choma" ziliandikwa sawasawa. Herufi ba ilibeba b, p na mb, basi bata, pata na mbata ni maandishi yale yale, na msomaji ndiye aliyepambanua kama ni ndege, ni kitendo ama ni nazi kavu. Wazee wetu hawakuona taabu, kwani shairi walilijua kwa moyo kabla ya kulisoma. Karatasi ilikuwa ukumbusho tu. Mtoto wa leo hana moyo huo, na kompyuta haina moyo kabisa.

Mwalimu Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi miaka mingi London, pamoja na P. J. L. Frankl, walitoa mwaka 1997 mapendekezo kamili ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kila sauti na alama yake. Yalitoka katika jarida la kitaalamu la Uingereza, na hapa kwetu walioyasoma ni wachache. Baadaye akatokea mtu anayeitwa Kevin Donnelly, akatengeneza programu alizoziita Andika!, za kuandika Kiswahili kwa herufi hizo kwenye kompyuta na kukigeuza kiwe cha hati za Kirumi, kisha kukirudisha. Alizitengeneza juu ya Linux kwa vyombo huria, akaziachilia kwa kila mtu. Mimi sioni kuwa hiyo ni sadfa. Kampuni hutengeneza kitu penye wanunuzi, na wanunuzi wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu hawajazi hata msikiti wa Mandhry.

Haki isemwe. Windows nayo ina chombo cha mtu kujitengenezea kibodi, na herufi kama pe ya nukta tatu zimo katika orodha ya Unicode, inayotumiwa na mifumo yote. Kuiandika herufi si tabu. Tabu ni yale yanayofuata: kamusi ya kusahihisha tahajia, fonti ambayo alama ya e haigongani na nukta, maneno ya menyu, chombo cha kugeuza hati hii kuwa ile. Katika mfumo uliofungwa mengi ya hayo huyangojea kwa mwenye mfumo. Katika mfumo ulio wazi huyaanza mwenyewe, hata kama mko watu wawili. Tumekwisha kuliona hili katika Kiswahili cha hati za Kirumi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili, katika mradi wao wa Kilinux. Microsoft ilitoa Kiswahili cha Office yake mwaka uliofuata. Dar es Salaam hawakuhitaji kibali cha mtu.

Na liko langu mimi. Mwaka 1994 nilipiga sehemu ya diwani yangu kwenye kompyuta ya gazeti moja nililokuwa nikilifanyia kazi, kwa programu ambayo sitaitaja jina. Gazeti likabadilisha mashine, programu ile ikaachwa, na diski zangu zikawa kama sanduku lililofungwa na mwenye ufunguo kahama. Nilipeleka kwa mafundi wa Windows mara mbili, wakanirudishia. Aliyezifungua ni kijana mmoja wa Makadara, kwa LibreOffice, kwenye mashine ya Linux aliyoifufua kutoka takatakani. Beti zilitoka zote. Vina vya kati ndivyo vilivyohama mahali pake, nikavipanga upya kwa siku tatu.

Watu wa Mombasa hawana haja ya kufundishwa faida ya njia ya pili. Mwaka 2009 ziliingia hapa kebo mbili za baharini, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Kenya ilizorota lakini haikuzimika, kwa kuwa njia nyingine zilibaki. Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Julai, sasisho moja bovu la kampuni ya usalama CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft wenyewe. Ndege zikalala, mahospitali yakarudi kwenye karatasi. Mashine za Linux hazikuguswa siku ile. Sisemi kwamba Linux haianguki, kwani zamu yake nayo yaweza kufika. Nasema zisianguke zote kwa pamoja.

Basi simwambii kila mtu atie mifumo miwili ndani ya mashine moja. Hiyo ni kazi ya mafundi, na yamtaabisha asiye na haja. Mwenye duka ambaye programu yake ya hesabu yafanya kazi kwenye Windows tu, na abaki nayo, mradi alipie. Lakini chuo chenye kompyuta tano, maktaba ya msikiti, chama cha washairi, hao wana wajibu wa kuwa na japo mashine moja ya mfumo ulio wazi, na kijana mmoja anayeujua. Kuujaribu hakugharimu ila flashi moja: Linux hutiwa humo, mashine ikawashwa kwayo, na kilichomo ndani ya kompyuta hakiguswi mpaka uamue mwenyewe. Wiki ya kwanza watu watalalamika kwamba vitu haviko mahali pake. Kuhusu printa, ulizeni kabla ya kununua, kwa sababu ziko ambazo hata leo hazielewani na Linux, na wauzaji hawalisemi hilo mpaka uwe umeshalipa.