Jiwe latambulika kwa mkono, bei yake kwa mashine

Rumonge hujulikana zaidi kwa mawese na ndagala. Hata hivyo, mji huu umekaa kati ya maeneo mawili ya madini. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi nchini Kongo, yapo machimbo ya dhahabu ya Misisi. Kaskazini, katika milima iliyo jirani na Bujumbura, ipo Gakara yenye madini adimu yanayotumika kutengenezea sumaku za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Kwa wakazi wa mwambao huu, kulitambua jiwe ni jambo linalogusa riziki.

Wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu, na elimu ya madini inawaunga mkono. Pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa, hung'aa kwa rangi ya manjano na imewahadaa wengi. Lakini dhahabu safi ina uzito unaozidi ule wa maji mara 19, ilhali pairaiti huuzidi mara 5 tu. Dhahabu ikigongwa kwa nyundo hutandazika, pairaiti hupasuka. Zikisuguliwa juu ya kigae kisichopakwa rangi, dhahabu huacha alama ya manjano, na pairaiti huacha unga mweusi wenye ukijani. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, chenye daraja 10, dhahabu haivuki daraja la 3. Pairaiti hupita la 6, na kwa hiyo hukwaruza kioo.

Ugumu wa kazi huongezeka kwa mawe meusi yanayochimbwa kaskazini mwa Burundi, kama vile Kabarore na Murehe. Kasiterite, ambayo hutoa bati, hufanana kwa macho na koltani. Zikisuguliwa, kasiterite huacha unga unaokaribia weupe, na koltani huacha unga wa kahawia iliyokolea au mweusi. Tena, kadiri koltani inavyokuwa na tantali nyingi, ndivyo inavyozidi kuwa nzito.

Hapo ndipo ujuzi wa mkono unapokoma. Kigae na mizani humwambia mchimbaji ameshika jiwe gani, ila havimwambii lina tantali asilimia ngapi, na bei hufuata asilimia hiyo. Hujulikana kwa mashine au maabara, na mara nyingi mwenye mashine ni mnunuzi. Muuzaji asiye na kipimo chake hulazimika kukubali tarakimu anayosomewa.

Dola nalo halikwepi tatizo la namna hiyo. Madini ya Gakara yaligunduliwa mwaka 1936, wakati wa utawala wa Ubelgiji, na ni miongoni mwa yenye kiwango cha juu kabisa duniani. Kampuni ya Rainbow Rare Earths ilianza kuyachimba mwaka 2017. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha usafirishaji na kisha uchimbaji, ikisema mikataba haikuinufaisha nchi ipasavyo. Aina ya jiwe haikuwa na utata. Mabishano yalihusu mgawanyo wa thamani yake. Isitoshe, monazaiti, mojawapo ya madini ya Gakara, huwa na thoriamu yenye mionzi, hivyo haifai kurundikwa ndani ya nyumba.

Mambo mawili yanahitajika. Kwanza, maarifa haya ya msingi yawafikie wachimbaji na wachuuzi kwa Kirundi na kwa Kiswahili, lugha ya biashara katika pande zote za ziwa. Pili, vipimo vifanywe na chombo kisichonunua madini, na muuzaji apewe matokeo kwa maandishi kabla ya bei kutajwa. La kwanza litamkinga mnyonge dhidi ya tapeli wa barabarani. Bila la pili, atalijua jiwe lake vizuri na bado atauza kwa hasara.