Milima ya Ngong na Elimu Isiyoandikwa

Wakazi wa Nairobi huiona Milima ya Ngong kila mara anga linapotakata. Vilele vyake vimepangana upande wa kusini-magharibi mfano wa nundu za ng'ombe waliolala, na kilele kirefu kupita vyote, kiitwacho Lamwia, kina kimo cha mita 2,460 hivi, yaani futi elfu nane na zaidi. Karani huitazama milima hiyo kupitia dirisha la ofisi. Mkulima wa Dagoretti huitazama ili ajue kama mvua i karibu. Hata hivyo, wengi wa hao wanaoitazama hawajapata kuikanyaga, na miongoni mwa walioikanyaga wamo wasiojua kwamba wamepanda mlima uliokuwa ukitoa moto.

Habari ya watu wanane waliokwenda huko Jumamosi moja ya mwezi wa Julai yafaa isimuliwe, kwa kuwa ndani yake mna funzo kwa wasomaji wa mjini na wa shamba pia.

Saba kati yao walikuwa makarani wa ofisi moja. Wa nane alikuwa mzee mkulima, baba wa mmoja wao, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na kishamba cha mboga upande wa Dagoretti. Mwanawe alikuwa amemwalika kwa heshima tu, akidhani atakataa. Lakini mzee aliitikia, akachukua fimbo yake na koti lake zito.

Makarani walikutana karibu na Stesheni ya Reli, mahali ambapo mji wenyewe ulianzia reli ilipofika mwezi wa Mei 1899, wakaingia katika matatu namba 111. Mzee alipandia Dagoretti Corner. Gari likapita uwanja wa mbio za farasi, uliopo hapo tangu mwaka 1954, likafuata ukingo wa msitu, likafika Karen, ambako mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, alilima kahawa hata mwaka 1931. Baada ya Bulbul wakaingia mji wa Ngong, katika Kaunti ya Kajiado, yapata kilomita 25 kutoka katikati ya Nairobi.

Walipokwisha kulipa ada ya kuingia msituni, walijiwa na mtu mzima wa Kimaasai, mwenyeji wa hapo, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni. Akataja ujira wake. Karani mmoja, hodari wa hesabu na mwepesi wa maneno, akacheka.

"Njia yaonekana toka hapa," akasema, "na simu yangu ina ramani. Je, tumlipe mtu kwa kutuonyesha mgongo wake?"

Wenzake wakanyamaza, maana fedha hazikuwa nyingi na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Ndipo mzee akatoa fungu lake kabla ya wote, akamtia kiongozi mkononi, akasema, "Siri ya mtungi aijuaye kata." Makarani wakaona haya, wakachanga.

Kiongozi hakusema neno juu ya yule aliyecheka. Aliwapanga mstari, akawahesabu, kisha akawapa maagizo matatu.

"La kwanza," alisema, "mtu asitangulie mbele yangu, wala asibaki nyuma ya mzee. La pili, asiingie kichakani peke yake hata kwa haja ndogo, kwa kuwa nyati hupumzika humo. La tatu, tunatoka kaskazini kwenda kusini, hata Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, na safari ni kilomita 11 hivi. Upepo wa hapa hutoka mashariki. Ukikupiga shavu la kushoto, u katika njia. Ukikupiga kisogoni, umegeukia magharibi, nawe washuka Bonde la Ufa. Basi simama papo hapo, upige kelele."

Ushahidi wa upepo huo ulikuwa mbele ya macho yao. Juu ya mgongo wa milima, upande wa kaskazini, imesimama minara mirefu meupe yenye mapanga yanayozunguka ili kufanya umeme. Miwili ya kwanza iliwekwa mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Na tangu mwaka 2009 kampuni ya KenGen iliongeza mingine, hata nguvu yake yote ikafika megawati 25 na nusu. Mitambo ya namna hiyo haijengwi mahali penye upepo wa kubahatisha. Jambo ambalo wahandisi walilipima kwa vyombo, wachungaji wa Ngong walikuwa wakilipima kwa mashavu yao tangu zamani.

Baada ya mwendo wa saa moja walifika mahali ambapo pande zote mbili zaonekana. Kushoto kulikuwa na Nairobi, majumba yake marefu yakiwa madogo kama viberiti. Kulia nchi ilikuwa imeanguka ghafula, kana kwamba imekatwa kwa panga; na mbali katika bonde ilionekana Suswa na Longonot, nazo pia ni volkano.

"Hapa mmesimama juu ya nusu ya mlima," kiongozi akasema.

Makarani walidhani anafanya mzaha, lakini alisema kweli. Wataalamu wa mawe wameeleza kwamba Ngong ilikuwa volkano kubwa iliyotapika moto mamilioni ya miaka iliyopita. Baadaye ardhi ilipopasuka na Bonde la Ufa kufanyika, upande wa magharibi wa mlima huo ulizama bondeni pamoja na nchi iliyouzunguka, ukabaki upande wa mashariki peke yake. Hii ndiyo sababu ubavu mmoja huteremka polepole kuelekea Karen na Ngong, na ubavu wa pili ni mkali. Kadhalika, jiwe la kijivu lililojenga nyumba nyingi za Nairobi ni majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa mwamba. Karani anayefanya kazi ndani ya nyumba ya jiwe hilo amezungukwa na kazi ya moto wa kale pasipo kujua.

Mzee naye alikuwa na neno lake. Aliwaambia vijana kwamba wazee wa Kikuyu waliihesabu milima hii kati ya milima mitakatifu minne: Kirinyaga upande wa kaskazini, Kia Njahi mashariki, Kia Nyandarua magharibi, na Kia Mbiruiru kusini, ndiyo hii ya Ngong. Kiongozi akaongeza kwamba jina la Ngong latokana na maneno ya Kimaasai, Enkong'u e Muny, na kwamba neno enkong'u lina maana mbili: jicho, na pia chemchemi. Kwa hiyo ni chemchemi ya kifaru. Kifaru hayupo tena, lakini maji yangalipo.

Kwa mkulima habari ya maji ni kubwa kuliko ya moto. Mvua inayonyesha ubavu wa mashariki huingia katika vijito vya Mto Mbagathi, ambao ni mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1946. Mto huo huungana na Athi, na maji yake hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi, kwa jina la Sabaki. Mvua inyeshayo ubavu wa pili, hatua chache tu kutoka hapo, hushuka Bonde la Ufa wala haifiki baharini. Mzee alipoelezwa hayo alisimama kitambo akitazama miti ya mteremkoni, mizeituni ya mwitu na mikaratusi iliyopandwa, akasema, "Akataye mti hapa, amkata mtu wa Malindi asiyemjua."

Yapata saa nne na nusu wingu likapanda kutoka mashariki. Jambo hilo ni la kawaida mwezi wa Julai. Katika dakika chache vilele vilitoweka, ukungu ukawa mzito hata mtu wa tatu katika mstari haonekani. Kiongozi akasimama, akawaita wakae pamoja, akawahesabu. Walikuwa saba. Aliyekosekana ni yule hodari wa hesabu.

Mwana wa mzee akataka kukimbia kumtafuta rafiki yake. Kiongozi akamshika mkono. "Amepotea mmoja," akasema. "Mkitawanyika, nitatafuta wanane."

Akapiga mluzi, akanyamaza, akasikiliza. Akapiga tena. Mara ya nne ikasikika sauti ya mtu upande wa kulia, chini, mbali kidogo. Kiongozi akamwambia mzee aendelee kugonga jiwe kwa fimbo yake bila kukoma, ili awe na sauti ya kurudia, naye akashuka ndani ya ukungu peke yake.

Yaliyompata karani aliyasema mwenyewe baadaye. Alikuwa ametoka mstarini ili apige picha ya bonde, akakusudia kuwawahi wenzake kwa njia ya mkato. Ukungu ulipomfunika, alifungua simu, nayo ikamwonyesha kwamba njia i karibu sana. Lakini kati yake na njia palikuwa na kichaka, na ndani ya kichaka alisikia pumzi nzito na tawi likivunjika. Akarudi nyuma, akageuka, akateremka upesi pasipo kujua anakokwenda. Halafu akasikia baridi kisogoni. Kwanza hakuitambua maana yake. Alipoitambua, magoti yalimlegea. Akasimama, akapiga kelele.

Baada ya robo saa alirudi akiwa nyuma ya kiongozi, suruali imechanika na viganja vimetoka damu. Hakuna aliyemcheka. Mzee alimpa chai kutoka katika chupa yake, akamfunika koti.

"Nisamehe, bwana," karani akamwambia kiongozi. "Simu ilinionyesha nilipo, lakini haikunionyesha nyati."

"Ulisimama," kiongozi akajibu. "Kusimama ndiko kulikokuokoa."

Wakangoja hata ukungu ukapungua, wakaendelea na safari, upepo ukiwa katika shavu la kushoto. Walifika Kona Baridi saa nane, wamechoka na wamekamilika. Njiani karani alimwuliza kiongozi elimu yake aliipata katika chuo gani. Akajibiwa kwamba shule aliiacha darasa la nne, na kwamba elimu ya mlima alifundishwa na baba yake walipokuwa wakichunga ng'ombe huko, tangu alipokuwa na miaka sita. Karani akahesabu moyoni, akaona kwamba mtu huyo amesoma somo moja miaka mingi kuliko yeye alivyosoma masomo yake yote, ingawa hana cheti hata kimoja. Walipoagana alimpa ujira wa pili kutoka mfukoni mwake, naye kiongozi aliupokea kwa mikono miwili.

Funzo ni hili. Cheti ni kitu chema, wala hapana mzazi anayejuta kumsomesha mwanawe. Lakini iko elimu isiyoandikwa, nayo hukaa kwa mtu wa mahali: mvuvi juu ya mkondo wa maji, mkulima juu ya udongo wake, mchungaji juu ya upepo wa mlima. Anayeidharau kwa sababu haina karatasi huweza kuilipia kwa maisha yake, na pengine kwa maisha ya wale watakaokwenda kumtafuta.

Kwa hiyo msomaji atakaye kupanda Milima ya Ngong na aende mapema asubuhi, akiwa na viatu imara, koti, chakula, na maji ya kutosha siku nzima. Na aende pamoja na wenziwe wala si peke yake. Na apatane na kiongozi langoni kwa maneno ya adabu, amlipe ujira wake kwa haki, na akiisha kumlipa amfuate. Wazee walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mlimani, mkuu ni yule aijuaye njia wakati isipoonekana.